Karatasi ya Pila

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, Bi Eufemia alikuwa na kazi moja tu duniani: kuosha pila yake. Saa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita kwa jambo jingine.

Pila hiyo ilikuwa uani, karibu na mpera. Ilikuwa tangi la saruji lisilo na mfuniko, kimo chake kinamfika mtu kiunoni. Ubavuni lilikuwa na ubao wa kufulia, wa saruji pia. Katika mtaa ule wa kilimani, mjini El Progreso, maji ya bomba yalikuja Jumatano na Jumamosi tu. Siku hizo kila nyumba ilijaza pila yake. Maji hayo ndiyo ya vyombo, ndiyo ya nguo, ndiyo ya kuoga. Yakiisha kabla ya siku yake, utakwenda kuomba kwa jirani, na jirani atakusema mpaka Krismasi.

Mumewe, Mzee Fausto, alikuwa barazani mbele ya nyumba akiziba tyubu ya baiskeli. Kutengeneza baiskeli ndiyo kazi iliyomlisha. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa, Mzee Fausto hakuwahi kuosha pila hata siku moja. Si kwamba alikataa. Hakuna aliyemwomba.

"Femia!" aliita. "Hujamaliza tu kumpiga huyo pila maskini?"

"Namalizia! Na ukiendelea na maneno yako, nakuja kukusugua na wewe hiyo shingo yenye grisi!"

"Njoo basi, mbona unanichelewesha?"

Mjukuu wao Nohelia, mwenye miaka minane, alikuwa mezani na daftari lake. Alicheka mpaka penseli ikamponyoka. Hivyo ndivyo wazee hawa walivyopendana, kwa kelele, majirani wote wakisikia.

Ijumaa hiyo simu iliita. Ilikuwa hospitali ya macho ya San Pedro Sula. Bi Eufemia alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwa miaka miwili aliona ukungu mtupu. Aliwahi kuisalimia shuka iliyoanikwa, akaiuliza watoto hawajambo. Alikuwa amesubiri zamu ya upasuaji kwa miezi kumi na moja. Sasa zamu imefika: jicho la kulia, Jumatatu ya tatu kuanzia siku ile.

Nyumba nzima ilishangilia. Kisha Bi Eufemia akaeleza masharti ya daktari. Wiki mbili za kwanza akae San Pedro kwa dada yake, karibu na hospitali. Na kwa wiki nne asiiname, asinyanyue kitu kizito, wala sabuni isimrukie jichoni.

"Wiki nne ni Ijumaa nne," alisema. "Pila ataosha nani?"

Binti yao Suyapa, mama yake Nohelia, alifanya kazi kiwanda cha nguo. Aliondoka kabla ya jua, akarudi na giza, miguu imevimba. Huyo hakuwa wa kuongezewa kazi.

"Mimi nipo," alisema Mzee Fausto.

Bi Eufemia alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Mwaka uliopita Nohelia aliugua homa ya dengue. Siku tano mtoto aliwaka moto, na bibi yake hakuondoka kitandani pake. Walipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, daktari aliwaambia neno moja. Dengue ina aina kadhaa. Aliyeugua mara ya kwanza akaumwa tena na mbu mwenye aina nyingine, ugonjwa wa mara ya pili unaweza kuwa mkali zaidi. Neno hilo liliingia kichwani mwa Bi Eufemia likakataa kutoka. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Na kwa Bi Eufemia, maji hayo yako wapi kama si kwenye pila?

"Kama pila haitaoshwa sawasawa, siendi," alisema.

"Femia, miezi kumi na moja umesubiri!"

"Nitasubiri mingine. Bora nibaki na ukungu wangu kuliko mtoto augue tena."

Mzee Fausto alikuna kichwa. "Basi niandikie. Si unajua kuandika siku hizi?"

Hapo alimpata. Miaka mitatu nyuma Bi Eufemia alijiunga na darasa la watu wazima kanisani, akajifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka hamsini na tisa. Hakuna sifa aliyoipenda kama hiyo. Alichukua karatasi, akaisogeza hadi karibu na pua, akaandika kwa herufi kubwa:

Fausto. Ijumaa osha pila vizuri. Tia klorini kiasi. Sugua sana. Usisahau. Femia.

"Haya," alisema. "Ijumaa ijayo tunajaribu. Mimi nitakwenda kwa Bi Tomasa kufunga tamale, unga wa mahindi ndani ya majani ya mgomba. Sitaki hata kuchungulia."

Ijumaa ilipofika, alikwenda kweli. Aliporudi jioni, uani kulinukia sabuni. Mzee Fausto alisimama kando ya pila, shati limelowa, kifua mbele.

"Gusa!" alisema.

Bi Eufemia alipapasa. Nje ya pila palikuwa laini. Ubao wa kufulia ulikuwa safi hata katikati ya mifereji yake. Hata sakafu ilisuguliwa. Alimbusu mumewe shavuni, grisi na yote.

"Kumbe unaweza!"

"Nimesugua mpaka mkono ukafa ganzi, mke wangu."

Usiku ule walilala kwa amani. Amani yao ilidumu siku nne.

Jumanne Glenda alipita. Glenda alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, na mhudumu wa afya wa mtaa. Alizunguka nyumba hadi nyumba na tochi na upawa mweupe, akitafuta mbu kabla mbu hawajatafuta watu. Alikuwa mwanamke wa vicheko, lakini akishika upawa hacheki.

Alimulika ndani ya pila. Akachota. Akainua upawa hadi machoni.

"Nini?" aliuliza Bi Eufemia. "Glenda, mwanangu, umeona nini?"

"Viluwiluwi, mama. Naona saba, wanane. Wanachezacheza humu."

Bi Eufemia alishika ukingo wa pila. Macho yake hayakuweza kuwaona wadudu wale, lakini aliwajua. Ni watoto wa mbu. Siku chache tu nao wataota mabawa.

"Fausto!" aliita, na safari hii hakukuwa na utani. "Fausto, njoo hapa!"

Mzee alikuja mbio na bisibisi mkononi. Aliyaona maji ndani ya upawa. Uso ukamshuka.

"Lakini niliosha," alisema. "Haki ya Mungu, Femia, niliosha."

"Uliosha nini? Uliosha nini, mwanamume wewe? Nilikuambia, siendi! Glenda, nipe simu. Nawapigia hospitali waipe zamu yangu mtu mwingine." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa aproni kwa hasira.

Glenda hakumpa simu. "Kwanza nionyesheni alichoambiwa," alisema.

Mzee Fausto alitoa karatasi mfukoni mwa shati. Alikuwa ameitunza kama cheti. Glenda aliisoma mara mbili.

"Mzee, niambie ulivyofanya. Neno kwa neno."

"Imesema klorini kiasi. Nikatazama chupa. Nikasema, mke wangu mbanaji, kiasi chake kitakuwa kifuniko kimoja. Nikatia kifuniko kimoja ndani ya maji."

"Halafu?"

"Imesema sugua sana. Nikasugua sana. Hapa, na hapa, na kule." Alionyesha ubavu wa nje, ubao wa kufulia na sakafu.

"Na ndani?"

"Ndani mna maji!" Mzee Fausto alishangaa. "Tulijaza Jumatano, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nimwage maji? Mimi? Huyu angeniua!"

Katika mtaa ule, anayemwaga maji Ijumaa husemwa vibaya kuliko mwizi.

"Kweli," alikiri Bi Eufemia. "Ningekuua."

"Basi Mzee hana kosa," alisema Glenda. "Kosa liko kwenye karatasi."

"Karatasi yangu?" Bi Eufemia alijinyoosha. "Karatasi yangu haina hata herufi moja iliyokaa vibaya! Mwalimu mwenyewe angenipigia makofi."

"Herufi ni nzuri, mama. Lakini barua hii umejiandikia wewe. Wewe ukisoma 'kiasi', mkono wako unajua. Wewe ukisoma 'osha pila', unaona ndani. Mzee hajawahi kuosha pila maishani mwake. Yeye ana karatasi tu. Kisichoandikwa, kwake hakipo."

Bi Eufemia hakupenda kuambiwa hivyo. Alikunja na kukunjua aproni.

"Haya," alisema mwishoni. "Nifanyeje?"

"Leo Jumanne, maji ni machache, na kesho yanakuja mapya. Osha pila sasa hivi, kama unavyoosha siku zote. Mimi nitaandika kila mikono yako inachofanya. Mzee, wewe kaa pale kwenye ndoo, tazama. Usichoelewa, uliza."

Bi Eufemia alianza. Alivaa glavu, akachukua kitambaa.

"Ngoja," alisema Mzee Fausto. "Ijumaa maji yalikuwa mengi. Leo machache. Wewe Ijumaa unayapeleka wapi?"

"Siyapeleki popote. Asubuhi nafua nguo zote za wiki, ndiyo yanapungua."

"Mbona hukuandika?"

"Kwa sababu ni kufua! Si kuosha pila!"

Glenda aliandika: fua nguo kwanza.

Bi Eufemia alihamishia maji safi kwenye ndoo mbili, akafunika. Maji ya chini yenye viluwiluwi akayamwaga kwenye udongo mkavu wenye jua. Kisha akapima klorini na sabuni ya unga kwa kikombe cha bati, akakoroga ndani ya bakuli la plastiki. Mkono wake haukusita hata kidogo. Glenda alimsimamisha mara mbili ili aone kikombe kimejaa hadi wapi.

"Nusu kikombe klorini," alisoma kwa sauti, akiandika. "Robo kikombe sabuni. Kumbe 'kiasi' kina kipimo chake, mama!"

"Hebu niache nifanye kazi."

Alichovya kitambaa, akaanza kupaka ukuta wa ndani, kutoka ukingoni hadi chini, pande zote nne. Alipomaliza, aliweka kitambaa chini, akavua glavu, akanawa. Akaelekea jikoni.

Glenda alimfuata na kalamu. "Unakwenda wapi?"

"Kunywa kahawa."

"Katikati ya kazi?"

"Kila Ijumaa, nikishapaka, nakunywa kahawa yangu na kipande cha mkate. Na nyie mmekatazwa kunywa kahawa huko kwenye kituo chenu cha afya?"

"Unakunywa kwa muda gani?"

"Mpaka iishe! Maswali gani haya, mwanangu?"

Glenda aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Femia! Hiyo kahawa ndiyo dawa yenyewe!"

Aliwaita wote wawili pilani. Alimulika ukuta, juu kidogo ya mahali maji yalipofika. Pale ambapo kitambaa kiliruka pembeni kidogo, palikuwa na vidoa vyeusi, vidogo mfano wa pilipili manga iliyosagwa.

"Mzee, unaviona? Ni mayai. Mbu hatagi majini. Anataga ukutani, juu ya mstari wa maji. Yananata pale, makavu, yanasubiri hata miezi. Maji yakipanda, yanaanguliwa. Ndiyo maana Jumamosi mlipojaza pila, leo mna wageni. Klorini peke yake hutiririka chini, sabuni ndiyo inayoishika ukutani. Lakini ganda la yai ni gumu. Ukipaka na kusuuza papo hapo, umeliosha uso tu. Dawa inataka dakika kumi na tano iingie ndani."

Mzee Fausto aliitikia kwa kichwa polepole. "Ah," alisema. "Kama gundi ya tyubu."

"Gundi gani?" aliuliza mkewe.

"Vijana wote hukosea hapo. Wanapaka gundi, wanabandika kiraka palepale, kesho wananirudia wakisukuma baiskeli. Gundi unapaka, unaiacha ikauke kidogo, ndipo unabandika. Usiposubiri, umefanya kazi bure." Alimgeukia mkewe. "Ungeniandikia hivyo, Femia, ningesubiri hata saa nzima. Mimi nikijua sababu, sisahau."

Bi Eufemia alimtazama kupitia ukungu wake. Miaka arobaini na moja, alifikiri, na leo ndiyo naambiwa jinsi ya kuzungumza na mume wangu.

Jioni ile alikaa mezani na maandishi ya Glenda, akayanakili upya kwa mkono wake. Kila mstari alitia kazi moja tu. Palipo na kipimo, alitia kipimo. Palipo na hatari, aliandika hatari. Na kwa ajili ya Fausto wake, aliandika sababu. Aliandika karatasi tatu akazichana. Ya nne aliipenda.

"Haijaisha," alisema Glenda siku ya pili. "Bado kuijaribu. Ijumaa Mzee ataosha, wewe utakaa kwenye kiti. Na hutasema neno."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ukiwa San Pedro, hapa hutakuwepo. Karatasi ijitetee yenyewe."

Wanaomjua Bi Eufemia walijua huo ulikuwa mtihani wa nani. Ijumaa saa tisa alikaa kitini na sahani ya ndizi za kukaanga, ili mdomo upate kazi nyingine. Mzee Fausto alibandika karatasi kwenye mpera kwa kipande cha utepe. Alisoma mstari, akafanya. Akasoma mwingine, akafanya. Alihamisha maji. Alipima. Alipaka ukuta wote, na kona alizirudia kwa kidole. Bi Eufemia alianza kutabasamu.

Mstari wa sita ulisema: Kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Mzee Fausto aliingia jikoni. Akatoka na kikombe. Akakipindua mara mbili, gu, gu, akafuta masharubu, akashika brashi.

Bi Eufemia aliruka kitini. Glenda alimwekea kidole mdomoni. Maskini bibi wa watu alitafuna ndizi kwa hasira, macho yamemtoka.

"Nini?" aliuliza Mzee Fausto. "Nimekunywa. Chote!"

"Dakika ngapi, Mzee?" aliuliza Glenda.

"Moja? Mbili? Baiskeli ya mteja inasubiri."

Sasa Bi Eufemia aliruhusiwa kusema. "Hiyo ni kahawa au unazima moto? Kahawa inanywewa na mtu amekaa!"

"Hukuandika nikae!"

Walitazamana. Nohelia ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wote. Walicheka huku dawa ikiendelea kukaa ukutani, muda wake ukatimia bila mtu kutaka. Bi Eufemia aliomba kalamu. Akafuta kikombe cha kahawa, akaandika dakika.

"Kahawa yangu si kipimo cha mwingine," alisema. "Saa ndiyo ya wote."

Karatasi iliyobandikwa ukutani kwake jioni ile ilisema hivi:

PILA. KILA IJUMAA.
Weka tayari: glavu, kitambaa, brashi, bakuli la plastiki, kikombe cha bati cha kupimia tu, ndoo mbili na vifuniko vyake, klorini, sabuni ya unga.
1. Asubuhi fua nguo zote, ili maji ya pila yapungue.
2. Saa tisa, hamishia maji safi yaliyobaki kwenye ndoo. Funika ndoo. Sababu: mbu asitage humo.
3. Maji ya chini kabisa, yamwage kwenye udongo mkavu wenye jua.
4. Vaa glavu. Ndani ya bakuli changanya nusu kikombe cha klorini na robo kikombe cha sabuni ya unga. Usichanganye na dawa nyingine ya usafi, hasa ya choo. Sababu: hutoa hewa ya sumu. Mtoto asikaribie.
5. Paka ukuta wote wa NDANI kwa kitambaa, kuanzia ukingoni hadi chini. Sababu: mayai yamenata juu ya mstari wa maji.
6. Subiri dakika kumi na tano. Tazama saa. Sababu: gundi ya tyubu.
7. Sugua ndani kwa brashi, kwa nguvu, na kona zote nne.
8. Suuza mara mbili kwa maji ya ndoo. Maji ya kusuuzia yamwage kwenye udongo mkavu.

Jumatatu alfajiri Bi Eufemia alipanda basi la San Pedro pamoja na dada yake, aliyekuja kumchukua. Mzee Fausto alimfungia mkate wenye maharage na jibini, akamkabidhi.

"Ukiumia usiwe jeuri. Lia," alimwambia.

"Nawe ukikwama usiwe jeuri. Soma," alijibu mkewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini wiki ile ile redio ilitangaza kwamba dengue imezidi katika bonde lote la San Pedro, na wodi za watoto zinajaa. Bi Eufemia alikaa kwa dada yake na ngao ya plastiki jichoni. Hakuiwaza ile ngao. Aliiwaza pila. Ijumaa ya kwanza, tangu saa tisa, alikuwa ameshika simu mkononi. Saa kumi na nusu ikaita.

"Femia? Pila tayari."

"Dakika kumi na tano?"

"Kwa saa."

"Na mtoto?"

"Anaruka kamba. Mwenyewe unamsikia."

Alimsikia kweli. Usiku ule alilala usingizi mzito. Ijumaa ya pili simu iliita tena, saa ile ile, maneno yale yale. Dada yake alimtania: "Mume wako anakupenda, sijapata kuona." Bi Eufemia aliona haya kama msichana.

Jumatatu alirudi nyumbani. Ngao sasa aliivaa usiku tu. Nohelia alimkimbilia mlangoni, na bibi yake akamshika mashavu, akamtazama muda mrefu.

"Una vidoa puani!" alisema. "Vya kahawia, vidogo vidogo. Tangu lini?"

"Tangu zamani, bibi."

"Mungu wangu, mtoto mzuri hivi." Akalia, na daktari alikuwa hajakataza kulia.

Baadaye alikwenda uani na tochi, hakuinama, alinyoosha mkono tu. Alimulika kuta nne, kona nne. Aliona saruji tupu na maji matulivu. Hapakuwa na kidoa, wala kitu kinachochezacheza.

Kisha alisimama mbele ya karatasi yake. Aliisoma kwa mbali, bila kuisogelea, kwa mara ya kwanza. Nane ilikuwa mwisho, alikumbuka vizuri. Lakini chini ya nane palikuwa na mstari mwingine, kwa mwandiko mbovu wa mtu aliyezoea spana:

9. Mpigie Femia. Mwambie pila tayari. Sababu: asiposikia halali.

Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Mzee Fausto alikuwa nyuma yake, akijifanya kutafuta koleo.

"Kumbe ulikuwa unanipigia kwa sababu imeandikwa?" aliuliza Bi Eufemia.

"Imeandikwa kwa sababu nilitaka kukupigia. Glenda si alisema kisichoandikwa hakipo?"

Bi Eufemia alimshika mkono wenye grisi, akaubana.

Ijumaa ilipofika, bado alikuwa amekatazwa kuinama. Mzee Fausto aliosha, yeye akakaa kivulini. Saa kumi na robo simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Bi Eufemia? Mimi Arnulfo, wa nyumba ya kona. Nimemaliza pila."

"Umemaliza pila? Hongera, Mzee Arnulfo. Lakini mbona unanipigia mimi?"

"Karatasi inasema. Namba tisa. Sikuelewa sababu, lakini Glenda alituambia tusiruke mstari."

Bi Eufemia alimtazama mumewe. Mumewe alitazama mpera. Ukweli ukatoka polepole. Glenda alipoona nyumba ya Mzee Fausto haina kiluwiluwi hata kimoja, aliiomba karatasi, akaitolea nakala kwenye duka la vifaa vya shule, akazigawa nyumba ishirini. Namba tisa hakuifuta.

Kabla hajaweka simu chini, ikaita tena. Alikuwa Bi Tomasa. Kisha kijana mmoja aliyehamia mtaani mwezi uliopita. Kisha mwanamke asiyemjua kabisa, aliyesema pila iko tayari, pole kwa usumbufu, na kwamba alale salama. Simu ziliita mara kumi na saba mpaka giza likaingia.

Ilikuwa miezi ya mvua kubwa, na dengue ilipita katika mitaa mingi. Katika mtaa ule wa kilimani Glenda alizunguka na upawa wake nyumba baada ya nyumba, na mara nyingi ulitoka na maji matupu. Nohelia hakuugua. Hakukosa shule hata siku moja, ingawa alijaribu.

Usiku wa simu kumi na saba, Mzee Fausto alichukua kalamu na kuielekea karatasi.

"Nifute hii namba yako, Femia. Watakusumbua kila Ijumaa."

"Weka kalamu chini," alisema Bi Eufemia, akipokea simu ya kumi na nane. "Haloo? Ndiyo, ndiye mimi. Hongera, mwanangu. Na ulitazama saa?"